Mbwa Asiyeweza Kazi, Ana Haki ya Kula?



Ndugu mmoja aliniuliza baada ya ibada, na hakuwa anatania: "Mzee, kwani pesa ya Mungu inatibu mbwa?" Alikuwa anamaanisha Simba, mbwa wa ploti ya kanisa hapa Kamenu, aliyegongwa na boda boda mwezi wa tatu akavunjika mfupa wa paja, mguu wa nyuma. Paja halishikwi vizuri na plasta kama mfupa wa chini, kwa hivyo daktari wa mifugo alisema ni kutia chuma, au kukata mguu, au kumdunga sindano alale. Chuma kilikaribia mshahara wa soja wetu wa mwezi mmoja. Ndugu akaniuliza tena: na yule mama mjane anayedaiwa kodi ya nyumba?

Swali hilo ni zito, na anayelicheka hajawahi kufungiwa nyumba na landilodi. Nilimjibu kwanza kwamba mfuko wa wajane haukuguswa. Pesa ilitoka kwa fungu la ulinzi, na Simba ni ulinzi. Kwa miaka minane amezunguka ukuta wetu wa mabati usiku kucha. Soja mwenyewe husema yeye ni tochi tu, masikio ni ya mbwa.

Lakini ndugu alikuwa amejiandaa. Akafungua 1 Wakorintho 9:9, pale Paulo anapouliza kama Mungu anawahangaikia ng'ombe. Akasema, unaona? Basi hebu tusome polepole. Paulo ananukuu Kumbukumbu la Torati 25:4, sheria ya kutomfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka, ili aonyeshe kwamba mhubiri naye anastahili kula kutokana na kazi yake. Sasa kama ng'ombe hana haki yoyote, hoja ya mhubiri inasimama juu ya nini? Paulo hakuifuta haki ya ng'ombe. Aliijengea ghorofa. Na Mithali 12:10 inampima mwenye haki kwa jinsi anavyojali uhai wa mnyama wake.

Hapo ndipo ninapoona shida halisi. Ng'ombe wa sheria anakula kwa sababu anapura. Je, akivunjika? Majira yote ya mvua Simba hakulinda chochote. Alifungiwa kwa kibanda, akitolewa kwa kamba kujisaidia tu, na soja akimwinua kiuno kwa gunia lililopitishwa chini ya tumbo. Nyama ya paja ilinyauka. (Mtu alileta tembe za maumivu za binadamu, tukazikataa. Ibuprofeni inaweza kuua mbwa.) Mbwa hubeba sehemu kubwa ya uzito wake kwa miguu ya mbele, karibu 60 kwa 100, ndiyo maana wa nyuma ukiumia bado anaweza kujaribu. Lakini kujaribu si kazi. Alikula ugali wetu na matumbo, na hakutulipa.

Lucca, mbwa wa jeshi la Marekani aliyekuwa akinusa mabomu, alipoteza mguu wa mbele huko Afghanistan mwaka 2012. Askari aliyekuwa naye mwanzo akamchukua nyumbani kwake, na 2016 akavishwa medali ya Dickin jijini London. Ni vizuri. Ila kumheshimu mbwa wa medali ni rahisi. Wetu ni wa koko tu.

Mefiboshethi naye hakuwa na medali. Alilemaa miguu yote miwili akiwa na miaka mitano, yaya alipomwangusha wakikimbia. Mbele ya Daudi alijiita mbwa aliyekufa. Soma 2 Samweli 9 uone kama Daudi aliuliza anaweza kufanya kazi gani. Aliuliza ni nani amebaki wa nyumba ya Sauli, amtendee wema kwa ajili ya Yonathani. Kiti mezani kilitokana na agano, hakikutokana na miguu.

Sisemi kila mbwa atiwe chuma. Asiye na pesa akimlaza mnyama wake bila maumivu, simhukumu. Kumwacha ajiburute mtaroni ndiyo dhambi, na hata sheria ya Kenya, Sura 360, inakataza mateso yasiyo ya lazima. Ninachokataa ni kile kipimo cha "ametufaa, sasa basi". Wakati namjibu ndugu, soja wetu alikuwa amesimama pale getini. Amepita miaka 60, na goti lake moja halikunji vizuri. Hakusema neno, lakini alikuwa anasikiliza sana.

Simba sasa anatembea, anachechemea kidogo, na mabati haruki tena. Kamati inataka kuleta mbwa mdogo, na mimi naunga mkono. Nimemwomba katibu aandike kwenye ajenda: chakula cha mbwa wawili.