Ufunguo Ameshika Nani?

Wanangu, nawasikia pale Kikula, hapa kwetu Likasi, mkirushiana maneno ya kompyuta: data, wingu, algoriti, akili bandia. Mnayatamka vizuri kuliko mimi. Lakini kulitamka neno hakumzuii mwizi. Mkikutana na neno jipya, ulizeni kwanza kitu hicho kinakaa wapi, na ufunguo wake ameshika nani.

Hilo wingu mnamoweka picha haliko angani. Ni kompyuta za watu wengine, zimepangwa ndani ya majengo ya mbali, zinakula umeme usiku na mchana. Na njia ya kuzifikia inafungika. Desemba 31, 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali yetu ya Kongo ilikata intaneti, ikarudi baada ya karibu siku 20. Kwa hiyo picha ya diploma yako iwe na nakala nyingine kwenye flashi, ndani ya sanduku la nyumbani.

Sasa pesa za simu, maana hapo ndipo tunapolizwa. Mwizi wa M-Pesa au Airtel Money havunji kufuli. Anapiga simu kwa upole, anajiita mhudumu wa mtandao: umeshinda zawadi, nisomee tarakimu zilizoingia kwenye simu yako sasa hivi. Tarakimu hizo ndizo mlango. Zikiwa za WhatsApp, ukizitaja, akaunti yako inaweza kuhamia kwake, naye akaanza kuwakopa jamaa zako kwa jina lako. Wataalamu wanaiita hadaa ya mtandaoni; mimi naiita wizi. Mhudumu wa kweli hana kazi na namba yako ya siri. Nawashangaa pia mnaompa mwenye kibanda simu pamoja na namba hiyo ati foleni ni ndefu. Mama zenu wanafanya hivyo kwa kuwa hakuna aliyewaonyesha. Ninyi mna udhuru gani? Kaa na mama, achague namba yake mwenyewe, isiwe mwaka aliozaliwa, na wewe ugeuze uso anapoiandika.

Kuna pia usimbaji fiche. Tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp unafungwa kwenye simu yako na kufunguliwa kwa mpokeaji tu. Hata kampuni haiusomi. Vizuri, ila hakuna usimbaji unaomzuia mpokeaji kuutupa kwenye kundi la kwaya.

Kusasisha programu mnakuahirisha kwa sababu mega ni ghali, najua. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 duniani na kudai fidia, na dawa yake Microsoft ilikuwa imeitoa tangu Machi. Sasisheni kwanza, video baadaye.

Hiyo akili bandia mnayoiandikisha kazi za shule inakisia neno linalofuata, kwa kufuata maandishi mengi mno iliyolishwa. Kiswahili chetu cha Katanga kimeandikwa kidogo. Iulize habari za mitaa yetu ya Panda au Shituru: ikikosa, inaweza kutunga bila haya, na mwalimu atakucheka. Tena ililishwa maneno ya watu ambao wengi wao hawakuulizwa. Sisi wa Likasi jambo hilo si geni kwetu. Mgodi wa urani wa Shinkolobwe uko kilomita 20 hivi kutoka hapa. Wazee walichimba mawe yake, Edgar Sengier wa kampuni ya madini ya Union Minière akasafirisha zaidi ya tani 1,000 hadi New York mwaka 1940, na Agosti 1945 urani ya Shinkolobwe ilikuwa ndani ya bomu la Hiroshima. Mchimbaji hakuulizwa.

Nanyi mnabonyeza “nakubali” bila kusoma. Nchi yetu ina sheria ya mambo ya digitali tangu Machi 2023, inayolinda habari za mtu binafsi, lakini sheria haitakushika kidole. Anza leo na ile programu ya tochi inayoomba majina yote yaliyo kwenye simu yako. Tochi ina kazi gani na namba ya mjomba wako?