Anzeni na Waliouawa

Wajukuu zangu, mnapoandika madai yenu, majina ya waliouawa yatangulie. Najua wengi wenu huyaweka mwisho. Mnaanza na mtawala aondoke, mkashuka kwenye katiba, kodi, ajira na ufisadi, na huko chini kabisa, pakibaki nafasi, mnaandika haki kwa wahanga. Nimezeeka nikitazama serikali za eneo hili letu zikianguka na nyingine zikipanda, na hili nimelishika: ukitaka kujua kama haki za binadamu zimeingia nchini baada ya umma kuinuka, tazama wanavyotendewa waliopigwa risasi wakizidai. Wakiachwa hao, mengine yote yaliyopatikana hunyang'anywa, moja baada ya jingine.

Nitawapeleka Sudan. Watu wake wengi wamekimbilia kwetu, mnasoma nao vyuoni Kampala na Nairobi, mnapanga nao nyumba moja. Kaeni nao wawasimulie, kwa maana walifanya karibu kila kitu sawasawa.

Desemba 2018 bei ya mkate ilipanda kutoka pauni 1 hadi 3. Tarehe 19 watu wa Atbara, mji wa reli wenye historia ndefu ya vyama vya wafanyakazi, wakaingia barabarani, na miji mingine ikafuata. Chama cha Wanataaluma, yaani madaktari, walimu, mawakili na wenzao, kikawa kinapanga siku na njia za kupita. Tarehe 6 Aprili 2019, siku ileile ambayo mwaka 1985 mtawala wa kijeshi Nimeiri aliangushwa, umati ulifika mbele ya makao makuu ya jeshi mjini Khartoum ukaketi chini. Siku tano baadaye Omar al-Bashir, aliyetawala tangu 1989, akaondolewa na majenerali wake mwenyewe. Waliambiwa sasa warudi nyumbani. Hawakurudi. Waziri wa ulinzi aliyesoma tangazo akadumu siku moja tu madarakani, naye akaondoka, wao wamekaa palepale. Walikuwa wameerevuka. Babu zao walimwangusha Jenerali Abboud mwaka 1964, na mwaka 1969 jeshi likarudi. Wazazi wao walimwangusha Nimeiri mwaka 1985, na mwaka 1989 jeshi likarudi tena.

Pale uwanjani palikuwa pamekua mji mzima. Palikuwa na mahema ya madaktari, watoto wa mitaani wakifundishwa kusoma, akina mama wauza chai, wachoraji ukutani. Watu walifika kutoka Darfur wakaeleza mauaji yaliyowapata tangu 2003, na wapo wakazi wa mji mkuu waliokiri kwamba ndiyo kwanza wanayasikia kwa masikio yao. Wito wao ulikuwa uhuru, amani na haki. Kwangu mimi hakuna jambo kubwa zaidi lililotokea Sudan katika miaka hiyo kuliko hilo la mtu wa Khartoum kumsikiliza mtu wa Darfur bila jeshi kuwa katikati yao.

Alfajiri ya tarehe 3 Juni, Ramadhani ikiwa inamalizika na watu wakisubiri Idi, wenye silaha waliwavamia. Kamati ya madaktari ilihesabu zaidi ya watu 100 waliouawa. Wanawake walibakwa. Maiti zilitupwa katika Nile, baadhi zikaibuka siku zilizofuata. Intaneti ikazimwa karibu mwezi mzima ili ulimwengu usione. Na bado, tarehe 30 Juni, bila mtandao, kwa kunong'onezana mlango hadi mlango na kwa karatasi za kubandika, walijaa barabarani tena kwa wingi ambao majenerali hawakuutarajia.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana nasaha yangu yote imo humo.

Tarehe 17 Agosti 2019 jeshi na wajumbe wa waandamanaji walitia saini Tamko la Katiba. Nchi ingeongozwa kwa muda na Baraza la Utawala la watu 11, wanajeshi wakishika uenyekiti kwanza, kisha raia. Abdalla Hamdok, mchumi, akawa waziri mkuu. Mwenyekiti wa Baraza akawa Jenerali Burhan, mkuu wa jeshi. Makamu wake akawa Mohamed Hamdan Dagalo, anayejulikana kama Hemedti, kamanda wa kikosi cha RSF, na RSF ndio walioonekana na mashahidi wengi wakiwapiga watu tarehe 3 Juni. Jamaa za waliouawa walipouliza nani alitoa amri, wakaambiwa itaundwa kamati. Iliundwa Oktoba, ikiongozwa na wakili mashuhuri, Nabil Adib, ikapewa miezi michache. Miezi ikawa mwaka, mwaka ukawa miwili. Haikumtaja mtu hata mmoja mpaka waliokuwa wakichunguzwa walipoipindua serikali iliyoiunda.

Siwalaumu kirahisi raia walioketi kwenye meza ile. Mbele yao walikuwa na watu wenye vifaru, nyuma yao jamaa wenye kilio, na hofu yao kubwa ilikuwa vita. Walifikiri: tuchukue kwanza serikali, mahakama zitakuja. Mtu mwenye akili timamu angeweza kufikiri hivyo. Lakini kwa kufanya hivyo mshtakiwa alipewa ofisi, akapewa na muda, na faili lake mwenyewe likawa linalindwa na askari wake.

Msidhani serikali ile haikufanya kitu. Novemba 2019 ilifuta sheria ya nidhamu ya umma, iliyowafanya polisi wamchape mwanamke kwa kuvaa suruali. Mwaka 2020 ikafuta adhabu ya kifo kwa anayeacha dini, ikaharamisha ukeketaji, ikamruhusu mama kusafiri nje na watoto wake bila kuomba idhini ya mume. Oktoba mwaka huo ikatia saini mkataba wa amani mjini Juba na makundi kadhaa ya waasi. Hayo ni mambo ambayo wanawake wa Sudan waliyapigania tangu kabla ninyi hamjazaliwa, na mtu akiwaambia kwamba yalikuwa madogo, muulizeni kama amewahi kuchapwa mijeledi hadharani.

Ila tazameni yaliyokosekana. Bunge la mpito lililoahidiwa, ambalo wanawake wangepata asilimia 40 ya viti, halikuundwa. Mahakama ya Katiba haikuundwa. Kampuni za jeshi ziliendelea kukusanya mapato yasiyopita Hazina, na RSF wakabaki na biashara yao ya dhahabu. Kwa hiyo zile haki zilikaa juu ya karatasi na nia njema ya mawaziri. Ilipofika tarehe 25 Oktoba 2021, wiki chache kabla ya zamu ya raia kushika uenyekiti, Burhan na Hemedti walimkamata Hamdok na mawaziri wake. Akarudishwa Novemba kwa mkataba ambao vijana waliukataa barabarani, akajiuzulu Januari 2022. Zaidi ya waandamanaji 100 wakauawa katika mwaka mmoja na kitu uliofuata, na kwa hao pia hakuna aliyejibu.

Tarehe 15 Aprili 2023 mwenyekiti na makamu wake wakageuziana bunduki katikati ya jiji la mamilioni ya watu. Zaidi ya watu milioni 10 wamekimbia makwao. Na RSF ni nani? Walitokana na Janjaweed, wanamgambo waliochoma vijiji vya Darfur kwa niaba ya serikali, wakavishwa sare mwaka 2013 na kupewa sheria yao mwaka 2017. Hawakushtakiwa kwa Darfur, wakaletwa Khartoum. Hawakushtakiwa kwa Khartoum, wakarudi Darfur, wakaua El Geneina mwaka 2023, na Oktoba 2025 wakaiteka El Fasher na kuua huko pia. Mwenye kovu usidhani kapoa, walisema wahenga, na watu wa Darfur hawakupewa hata nafasi ya kupata kovu.

Kuna mtu atawaambia kwamba nchi ikianza kushtaki itavunjika, kwamba amani kwanza, haki baadaye. Nimeisikia hoja hiyo maisha yangu yote, na mara nyingi huletwa na mtu mwenye jambo la kuficha. Mwambieni habari za Ahmed al-Khair, mwalimu aliyekamatwa mashariki mwa Sudan mwanzoni mwa 2019 akateswa kizuizini mpaka akafa. Wakubwa walisema aliugua. Familia na wenzake hawakukubali. Desemba mwaka huohuo mahakama ya Omdurman iliwatia hatiani maofisa wa usalama zaidi ya 20, umati ukiwa nje unasubiri. Hukumu ilikuwa kunyongwa, na mimi siungi mkono kunyonga mtu yeyote. Lakini kesi ilisikilizwa, majina yakasomwa, na Sudan haikuvunjika. Ilivunjwa baadaye na wale ambao kesi yao haikusikilizwa.

Na haki haiozi kwa kukawia, mradi pawe na wanaoitunza. Hati ya kumkamata Bashir ilitolewa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2009 na mpaka leo hajapelekwa The Hague. Lakini Ali Kushayb, mmoja wa viongozi wa Janjaweed, alijisalimisha mwaka 2020, na Oktoba 2025 akatiwa hatiani kwa aliyoyatenda mwaka 2003 na 2004. Waliomfikia ni mashahidi waliokumbuka, wakakubali kuyasema mbele ya majaji baada ya miaka zaidi ya kumi na tano.

Sisi wa Kenya hatuna cha kujitapa. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa kwa Rais Mei 2013. Mauaji ya Wagalla, huko Wajir, ya 1984 yamo humo, na mengine mengi tangu uhuru. Bunge halijaitekeleza. Wazee wa Wajir wanakufa mmoja mmoja wakisubiri. Nanyi, tarehe 25 Juni 2024 mliandamana hadi mkaingia Bungeni, wengine wenu wakapigwa risasi, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatatia saini Muswada wa Fedha. Mlisherehekea, na mlikuwa na sababu. Ila kuanzia siku ile mjadala ulikuwa wa kodi, kisha wa baraza la mawaziri, kisha wa nani kaingia serikalini, na wazazi waliokwenda kuchukua watoto wao mochari ya City wakabaki na mawakili wachache wa kujitolea. Niliumia sana kuona hivyo. Muswada unaweza kurudi kwa jina jingine mwaka wowote, na umma ukasimama tena. Polisi aliyelenga kichwa na kurudi kambini kula chakula cha jioni amejifunza kitu, na wenzake wamejifunza naye.

Jifunzeni pia kwa kamati za mitaa za Sudan, kamati za upinzani wanavyoziita. Hazikuwa na kiongozi mmoja wa kununuliwa. Baada ya mapinduzi ya 2021 zilikataa mazungumzo, ubia na uhalali kwa wanajeshi, kisha zikakaa mtaa kwa mtaa, kwa miezi, kuandika mkataba wao wa jinsi nchi inavyostahili kutawaliwa kuanzia chini. Vita vilipoanza, vijana walewale waliunda vyumba vya dharura, wakapika vyungu vya maharage na dengu kwa maelfu, wakaendesha zahanati, wakatoa watu chini ya mizinga, kwa desturi yao ya nafir, ambayo ni ujima wetu huu. Wengine wameuawa wakiwa na mwiko mkononi. Ninawaheshimu kuliko majenerali wote wa bara hili. Kosa ni kwamba mwaka 2019 walikuwa na nguvu yote barabarani na hawakuwa na kiti mezani, wala jamaa za waliouawa hawakuwa nacho. Siku mtakayoitwa kwenye mazungumzo, mama wa marehemu akae mbele, na jambo lake liwe la kwanza kusomwa.

Na kabla ya siku hiyo ipo kazi ndogo isiyopigwa picha. Mtu akiuawa, andikeni jina lake kamili, mahali, saa, na sare ya aliyefyatua. Nendeni na familia kituoni, msitoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Sisitizeni uchunguzi wa maiti ufanywe familia ikiwa na daktari wake, kabla ya mazishi, na risasi ikipatikana mwilini iandikwe ilikopelekwa. Video zitunzwe kama zilivyorekodiwa, bila muziki wala maandishi juu yake, nakala zikae kwa watu zaidi ya mmoja, na moja iwe nje ya nchi. Msirushe sura ya marehemu mitandaoni bila idhini ya mamake. Kesi ikianza, jazeni mahakama siku ya kuahirishwa kama mlivyoijaza siku ya kwanza, kwa maana kesi hizi huuawa kwa kuahirishwa, hakimu akizoea kuona viti vitupu na shahidi akizoea kuogopa peke yake.

Mwaka 2027 wanasiasa watakuja kuwaomba kura, na watawasifu kwa ushujaa wenu. Akisimama yeyote mbele yenu, mpatieni jina la mmoja aliyeuawa katika kaunti yake, mkamuulize kesi imefika mahakama gani, nani ameshtakiwa, na yeye mwenyewe amefanya nini juu yake. Asipojua, mwambieni aende akaulize, kisha arudi.