Tunamwekea nani?

Wenye umri wangu mtaukumbuka mfuko wa rambo uliokuwa ukining'inia nyuma ya mlango wa jiko, umejaa mifuko mingine ya rambo. Kila aliyerudi na nyanya au mkate alikung'uta mfuko wake, akaukunja na kuushindilia humo. Hakuna aliyeuliza yote ile itatumika lini. Ulivimba mpaka mlango ukawa haufunguki sawasawa, na hata hapo hakuna aliyethubutu kuitupa. Ukishika hata mfuko mmoja kwenda nao jalalani, mama alikuwa na neno lake: "Acha, utafaa."

Halafu ikaja Juni 1, 2019. Serikali ilikuwa imetangaza bungeni tangu Aprili kwamba siku hiyo ndiyo mwisho wa mifuko ya plastiki. Kenya walikuwa wametangulia Agosti 2017, na Rwanda zamani zaidi, mwaka 2008. Tukanung'unika kidogo, tukarudi kwenye vikapu, kisha maisha yakaendelea. Nyumbani kwetu ile hazina ya miaka mingi ilitolewa nyuma ya mlango asubuhi moja, na hadi leo sijamsikia mtu akiiulizia. Mlango unafunguka mpaka ukutani.

Simlaumu mama. Kizazi chake kilifundishwa kuweka vitu na mwalimu mkali. Vita vya Kagera vilipokwisha mwaka 1979, nchi ilikuwa imechoka, na miaka iliyofuata maduka yalibaki na rafu tupu. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, kanga kwa foleni tena kwa kumjua mtu. Waliokuwepo wanasimulia kufulia majani ya mpapai, na ugali wa unga wa yanga ambao watoto waliukodolea macho kama adhabu. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na wapo waliotupa mali yao usiku wasikutwe nayo. Katika maisha kama hayo kopo tupu la siagi ni kipimo cha mchele, ni kata ya kuogea, ni chungu cha maua. Aliyepita humo akiona chupa tupu haoni takataka.

Mambo yalianza kulegezwa mwaka 1984, mitumba ikarudi sokoni, na Mzee Mwinyi alipopokea nchi Novemba 1985 ikafuata ruksa. Tangu hapo vitu havijaacha kuingia. Leo ukishuka Kariakoo unaweza kununua beseni, taa na viatu kwa fedha ambayo zamani isingekupa hata nafasi kwenye foleni. Hata hivyo tunaweka vilevile, kana kwamba foleni inarudi kesho.

Jambo hili lilinikaa moyoni mwaka juzi, tulipokaa Tanga kugawa vitu vya shangazi yangu baada ya arobaini. Sanduku lake lilipofunguliwa, harufu ya udi ilijaa chumba kizima. Juu kabisa kulikuwa na doti moja ya kila siku, imepauka, pindo lake limeanza kuchanika. Hiyo ndiyo tuliyomzoea nayo. Chini yake zilipangwa doti juu ya doti, vipande havijatenganishwa, havijapindwa, bado vina ukakamavu wa dukani. Nyingine zilikuwa zimekaa sana; tulipozikunjua zikakatika kwenye mikunjo.

Wifi yake aliinua moja, akasoma maandishi yake kwa sauti ndogo, akakaa kitako. "Hii nilimpa mimi," akasema. "Idi ile aliyotoka kuumwa. Akaniambia ameipenda mno."

Aliipenda kweli. Ndiyo maana hakuivaa.

Sebuleni kulikuwa na kabati la kioo. Ndani yake seti ya vikombe vyenye maua, sahani za udongo zenye ukingo wa rangi ya dhahabu, na hotipoti iliyobandikwa karatasi ya dukani hadi siku ile. Vyombo vya wageni. Nimelelewa katika nyumba ile na sikuwahi kunywea kikombe hata kimoja cha mle. Wageni walikuja wengi tu, maana shangazi alikuwa mtu wa watu, lakini kila aliyefika alionekana hajafikia daraja la vikombe vile: huyu jirani, huyu shemeji, huyu fundi, huyu mtoto wa nyumbani, mpe kikombe cha bati. Mgeni mwenyewe alikuwa bado yuko njiani. Siku ya msiba vikombe vya kahawa havikutosha, mtu mmoja akatafuta ufunguo, kabati likafunguliwa. Walionywea vikombe vya shangazi kwa mara ya kwanza ni wanawake waliokuja kumlilia.

Tunaambiwa akiba haiozi. Wenye kuamini hivyo waje tuwaoneshe zile kanga.

Wenzetu wa mbali wamelifanya jambo hili kuwa elimu. Mjapani Marie Kondo alitoa kitabu chake cha kupanga nyumba mwaka 2011, kikazunguka dunia kwa lugha nyingi. Anataka ushike kila kitu mkononi ujiulize kama kinakupa furaha. Kisipokupa, kishukuru na ukiage. Nilijaribu kumfuata, nikakwama kwenye ndoo. Ndoo haijampa mtu furaha tangu dunia iumbwe, lakini maji yakikatika siku tatu utaijua thamani yake. Mwaka 2023 Kondo mwenyewe, akiwa na watoto watatu, alisema nyumba yake haiko nadhifu kama zamani na kwamba ameridhika nayo hivyo hivyo. Hapo nilimpenda zaidi kuliko kwenye kitabu.

Swali linalotufaa sisi ni jingine, nalo ni jepesi: tunamwekea nani? Ndoo ina jibu. Godoro la ziada lililosimamishwa nyuma ya kabati lina jibu, kwa sababu mjukuu wa bibi fulani atashuka stendi usiku wa manane akitokea kijijini, na hatalala sakafuni. Huo ni ukarimu, si mrundikano, na atakayekushauri uliuze hajui nyumba za kwetu. Ila pasi iliyoungua mwaka ule na fundi akasema haifai, suruali ya kiuno cha ujana, chaja za simu ambazo zenyewe zilishaibiwa, mkebe wa funguo ambazo kufuli zake hakuna anayezijua: ukiuliza vinawekewa nani, kimya.

Kimya hicho ndicho nilichokifuata nyumba nzima. Hotipoti yangu mpya ilikwenda kwa binti wa jirani aliyekuwa anaanza maisha. Vitabu vilivyosomwa vikaenda kwa mwalimu wa mtaani. Vilivyokufa vikachukuliwa na vijana wa vyuma chakavu, nao wakalipa, jambo lililonishangaza. Siwezi kudai nimekuwa mtawa, lakini kufagia sasa ni kazi ya muda mfupi, na usiku nikiamka kunywa maji sijikwai.

Lakini vitu ni sehemu nyepesi ya habari hii. Kabati halikununii ukilipunguza. Watu hununa.

Fungua simu yako. Kuna kundi la ukoo, la darasa la saba, la kikoba, la mtaa, na hapo katikati yako manne au matano ya kamati: harusi ya mtoto wa fulani, kichen pati ya yule yule mtoto wa fulani, sendofu yake, na kipaimara cha mdogo wake. Kila kundi lina orodha. Mnaijua ile orodha: jina, ahadi, kilicholipwa. Kila mmoja akituma chake, orodha inarushwa upya yote, na jina lako linapita tena mbele ya ukoo mzima likiwa na sifuri pembeni. Mwenyekiti anairusha alfajiri, kabla hujapiga mswaki. Unaanza siku ukiwa mdaiwa wa mapambo ya ukumbi usiojua uko wapi.

Tangu mwaka 2022 WhatsApp imemruhusu mtu ajitoe kundini bila wote kutangaziwa. Anaarifiwa msimamizi peke yake. Waliobuni hilo walidhani wametusaidia. Hawakujua kwamba msimamizi ni mjomba.

Nisieleweke vibaya. Mchango ndiyo bima yetu ya kwanza. Shangazi alipofariki, sanda, gari na chakula cha waombolezaji vilitoka kwenye makundi hayo hayo ninayoyasema, na jioni ile hakuna aliyeona kero ya orodha. Mtu anayejivunia kwamba amejitoa kila mahali ili apate utulivu, asubiri siku ya msiba wake aone utulivu unavyofanana na upweke. Kwa hiyo msiba sikosi, ugonjwa sikosi, na harusi ya damu yangu natoa mpaka ninapoweza.

Ninachoacha ni mashindano. Nikitajiwa kadi ya mtoto wa rafiki wa mtu niliyefanya naye kazi zamani, najibu siku hiyo hiyo: "Ndugu yangu, hili sitaliweza, nawaombea heri na baraka." Najibu mapema kwa sababu kinachochosha nafsi zaidi ya kutoa ni ile ahadi uliyoitoa kwa aibu, ukijua huna, ukaanza kuzikimbia simu na kupita uchochoro wa pili. Binamu yangu mmoja alininunia kwa jibu la namna hiyo. Wengine walisema yao na wakasahau. Na wapo, hawa wengi kuliko nilivyotarajia, walionifuata pembeni kuniuliza nilitumia maneno gani, nao wakayajaribu.

Tunachoogopa ni maneno ya watu. Doti kumi zisizokatwa, vikombe vilivyofungiwa, ahadi isiyo na fedha nyuma yake: vyote ni kwa ajili ya macho ya mtu fulani ambaye labda hata hatutazami, naye ana kabati lake la kulinda na orodha yake ya kukimbia. Sisemi hivi kwa masikini. Mama anayeuza maandazi kwa karai moja hana cha kupunguza, na kumhubiria maisha mepesi ni kumkosea adabu. Nasema na sisi wenye kabati.

Nimewaangalia wazee wa pwani wanaojiandaa kwenda Hija. Kabla ya safari huzunguka nyumba kwa nyumba: analipa deni la duka, anamwomba radhi jirani waliyegombana naye kwa mpaka wa ua, anamwambia mdogo wake "nisamehe, nami nimekusamehe." Yakiisha hayo ndipo anasafiri, na huko mwanamume huvua nguo zake akavaa shuka mbili zisizoshonwa. Madeni na vinyongo vinatangulia, nguo zinafuata. Sisi wa siku hizi tunaanza na kabati kwa sababu kabati halijibu. Nimempigia binamu. Mazungumzo hayakuwa matamu, ila tulizungumza.

Basi wewe unayesoma, usingoje likizo wala mwaka mpya. Kama kuna kanga uliyoinunua ukimwazia mkweo au binti wa dada yako, itoe sandukuni, ikate, mpe ukiwa hai, na umwambie ulimnunulia lini na kwa nini, maana baada ya arobaini hakuna atakayejua. Na leo jioni, hata kama kilichopo ni maharage, fungua kabati la kioo na uwapakulie watoto kwenye sahani za wageni. Mojawapo ikivunjika, bado utakuwa umeilia chakula.