Uongo Usioongeza Kitu

Hebu tumfikirie Mtanzania aliyekwenda Ujerumani kwa wiki mbili. Bima ya safari anayo, maana bila bima ya angalau yuro 30,000 asingepewa viza ya Schengen. Anashuka ngazi za stesheni Berlin, macho kwenye simu, anateleza, anavunjika mkono. Akirudi Dar anajaza fomu ya madai. Mkono umevunjika kweli, risiti za hospitali ni za kweli. Ila anapofika pale pa kueleza ajali ilivyotokea, anaandika kwamba ngazi zilikuwa na maji na alikuwa ameshika reli. Simu haitaji.

Kosa lake ni lipi? Hajaomba hata senti isiyo haki yake. Kuzubaa kidogo ni sehemu ya ajali; ndiyo maana watu hukata bima. Yaani kadanganya ili apate kile ambacho angekipata bila kudanganya.

Swali hili limewahi kufika Mahakama ya Juu ya Uingereza. Mwaka 2010 maji yaliingia kwenye chumba cha injini cha meli DC Merwestone. Wenye meli, wakitaka walipwe haraka, walidai kuwa mabaharia waliisikia kengele ya hatari lakini hawakuishughulikia kwa sababu bahari ilikuwa imechafuka. Haikuwa kweli. Lakini madai yao yalikuwa halali, kengele iwepo isiwepo. Mahakama za chini ziliwanyima zaidi ya yuro milioni 3 kwa sababu ya uongo huo. Mwaka 2016 majaji 4 kati ya 5 wakasema uongo usiobadili haki haufuti haki. Lord Mance peke yake alipinga. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Safari hii ilimfikisha kwenye malipo.

Kisheria, nawaelewa wale wanne. Kumnyima mtu fidia ya mkono mzima kwa sababu ya sentensi moja ni adhabu iliyozidi kosa. Na tusijifanye hatujui kwa nini watu huremba maelezo: wanaamini kampuni inatafuta kisingizio cha kutolipa. Lord Mansfield, katika kesi ya Carter na Boehm ya mwaka 1766, alisema nia njema inazibana pande zote mbili. Aliyeshindwa siku ile, tukumbuke, ni mtoa bima. Kampuni inayopokea ada kwa tabasamu kisha ikajificha nyuma ya maandishi madogo haina mdomo wa kumhubiria mteja ukweli.

Lakini haki ya kulipwa ni jambo moja, na uadilifu ni jambo jingine. Wengi watasema uongo huu haukumuumiza mtu. Mimi sikubali. Anayeumizwa hayupo kwenye faili lile. Ni yule atakayekuja baada yake. Mtu aliyeanguka peke yake ugenini, hajui lugha, hana shahidi, mali aliyobaki nayo ni neno lake. Kila anayeremba hadithi anaishusha bei mali hiyo, na haishuki kwake tu, inashuka kwetu sote.

Sasa mfikirie karani wa madai aliyekwisha kusoma habari za ngazi zenye maji mara mia. Siku akija mtu ambaye ngazi zake zilikuwa na maji kweli, atamwambia nini ili aaminike?