Mwanamuziki Asiye na Bwana: Je, Yuko Huru Kweli?



Katika miji yetu, toka Bukavu mpaka Lubumbashi, vijana wengi wanataka kuishi kwa muziki. Zamani kijana wa namna hiyo alitafuta orkestra ya kumpokea, au mwenye studio wa kumwandika. Leo wengi wanasema: "Hatutaki patro. Tutatunga wenyewe, tutarekodi wenyewe, tutauza wenyewe." Wana simu, na intaneti inaupeleka wimbo wao mpaka Ulaya siku ile ile. Wazazi wao wanaogopa. Wanauliza: Je, hiyo ni kazi, ama ni uvivu wenye kelele? Na mkristu anaweza kuishi hivyo bila kuharibu roho yake?

Maswali hayo si madogo. Tuyatazame moja moja.

Kwanza tuseme wazi: muziki ni kazi. Anayefikiri kwamba kazi ni jembe na nyundo tu, hajamwona mpiga gita akirudia mchezo mmoja wa vidole tangu asubuhi mpaka jua linatua. Ekleziya haikuidharau kazi hiyo. Huko Kamina, Padri Guido Haazen, Mfransisko, pamoja na watoto na walimu wa kwaya yake, walitengeneza Missa Luba, na mwaka 1958 kwaya ile ilisafiri kuimba Ulaya. Miaka mitano baadaye, mwaka 1963, Mtaguso wa Vatikano ulifundisha kwamba muziki wa asili wa kila taifa upewe heshima yake. Basi mwenye kipaji hicho asione haya. Amekipokea kwa Mungu, na atatoa hesabu yake.

Pili, tusiwalaumu upesi wanaokataa kuwa chini ya bwana. Wana sababu. Studio za kwanza za Léopoldville, kama Ngoma iliyofunguliwa mwaka 1948, zilikuwa za wafanya biashara wageni. Mara nyingi hata vyombo vilikuwa mali ya studio: mpiga gita akiondoka, aliondoka mikono mitupu. Ndiyo maana watu walifurahi mwaka 1960 Joseph Kabasele, mkubwa wa African Jazz, alipoanzisha alama yake mwenyewe ya sahani, Surboum African Jazz. Mkongo mwenyewe sasa alikuwa mwenye mali ya wimbo wake.

Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha jambo linalogusa sana habari hii. Alisema kwamba mapatano ya hiari hayatoshi kuufanya mshahara uwe wa haki. Lazima mshahara umwezeshe mfanya kazi mwenye kiasi kuishi. Mtu mwenye njaa atatia sahihi karatasi yo yote. Sahihi yake haimwondolei zambi yule aliyemnyonya.

Lakini hapa ndipo swali kubwa linapoanza. Kijana amemkimbia patro. Je, sasa hana bwana?

Tazameni desturi ya Kinshasa inayoitwa kwa lingala kobwaka libanga, maana yake kutupa jiwe. Mwimbaji anataja ndani ya wimbo wake jina la tajiri au la mkubwa wa serikali, naye analipwa. Majina yanafuatana, mpaka mara nyingine msikiaji anasahau wimbo ulikuwa wa habari gani. Wanaofanya hivyo wanajitetea: "Sahani hazinunuliwi tena, watu wanajitolea nakala bure, tule nini?" Tena wanasema: "Hata babu zetu waliwatunza wachezaji. Mcheza kwao hutunzwa."

Methali hiyo ni ya kweli, lakini tuisome vizuri. Kwanza mtu anacheza, kisha anatunzwa. Katika arusi zetu mtu anayefurahishwa na wimbo anasimama, anambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso, kila mtu anaona, na wimbo unabaki ule ule. Tuzo hufuata wimbo. Libanga hutangulia wimbo. Mwenye kutoa tuzo anashukuru kwa kile alichosikia. Mwenye kununua libanga anaagiza kile kitakachosikiwa. Kesho mkubwa yule akiiba mali ya watu, nani atamwimbia ukweli? Si yule ambaye jana amekula mezani kwake. Mwanamuziki wa namna hiyo hana patro mmoja. Amejipatia mapatro mia.

Basi uhuru wa mwanamuziki tuupime kwa nini? Si kwa kukosa bwana. Tuupime kwa maneno mawili: je, anaweza kusema kweli? Na je, anaweza kusema hapana?

Tuchukue mfano usiotupendeza sana sisi Wakatoliki, kwa sababu mfano mchungu unafundisha vizuri. Mwaka 1969 mpiga saksofoni Verckys Kiamuangana Mateta aliacha orkestra OK Jazz ya Franco, akaanzisha orkestra yake Vévé na alama yake ya sahani. Mwaka 1972 alitoa wimbo Nakomitunaka, maana yake "Ninajiuliza". Aliuliza kwa nini katika picha za dini watakatifu ni wazungu, na weusi unaachiwa shetani. Ni kweli, siku zile upepo wa siasa ya Mobutu, ya kurudia asili, ulivuma upande ule ule. Hata hivyo swali lilikuwa swali la haki, na waumini wengi walikuwa nalo moyoni. Mwaka 1988 Roma ilikubali ibada ya Misa kwa majimbo ya nchi yetu, inayowataja wahenga na kupokea sala kwa desturi zetu. Hatusemi kwamba wimbo ndio ulioleta ibada hiyo. Maaskofu wetu waliifanyia kazi miaka mingi. Tunasema tu kwamba anayeuliza kwa uaminifu anaisaidia Ekleziya kuliko anayeisifu kwa kulipwa.

Sasa, vijana wetu, shikeni mashauri haya.

La kwanza: msione haya kuwa na kazi nyingine. Jean-Bosco Mwenda wa Bunkeya, ambaye Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, ndiyo Likasi, mwaka 1952, alijulikana mbali kwa wimbo wake Masanga, na mwaka 1969 alipiga gita katika sikukuu ya Newport huko Marekani. Mtu mwenye sifa hiyo hakuishi kwa gita peke yake. Alishika pia kazi za mshahara. Duka dogo, darasa la kufundisha, shamba la mihogo: hivyo vyote vinampa mwimbaji nguvu ya kusema hapana. Tumbo lililoshiba kidogo linalinda zamiri.

La pili: andikeni. Mapatano ya mdomo ni moshi. Toka mwaka 1986 nchi yetu ina sheria ya kulinda haki za watungaji. Andikeni nani ametunga maneno, nani ametunga sauti, na nani atapata sehemu gani, kabla ya feza kuonekana. Feza zikisha kuonekana, urafiki unapata masikio magumu.

La tatu, nalo ni zito kupita yote: ninyi mliokimbia patro, msiwe mapatro wabaya. Mpiga ngoma wako anasubiri nje ya mlango kama wewe ulivyosubiri zamani. Barua ya Papa Leo haikuandikwa kwa wenye viwanda tu. Inamhusu kila mtu anayeshika mshahara wa mwenzake mfukoni, hata kama mfuko wenyewe umetoboka.

Nasi wasikiaji tuna deni. Tunalalamika kwamba waimbaji wanauza majina, huku tukichukua nyimbo zao bure. Tunamwita mwanamuziki kwenye sikukuu ya parokia, tunamwambia: "Mungu atakulipa." Mungu atamlipa kweli, lakini Mungu ametuwekea sisi mifuko. Mpishi wa sikukuu analipwa, mwenye viti analipwa. Kwa nini mwimbaji peke yake alipwe kwa baraka? Tusipomlipa sisi, wengi na kidogo kidogo, atalipwa na mmoja mwenye vingi, naye ataimba jina la yule mmoja.

Wazazi, basi, msimwulize mtoto tu: "Utapata feza ngapi?" Mwulizeni pia: "Utamwimbia nani, na utakataa kumwimbia nani?" Akiwa na jibu kwa maswali yote mawili, mwacheni ashike gita lake, na mwombeeni.