Mti wa Mlimani ni Mali ya Nani?

Mtu akipanda mnazi, kila jirani ajua mwenyewe ni nani. Lakini mkangazi ulioota wenyewe mlimani, ambao hakuna aliyeupanda wala kuumwagilia maji, ni mali ya nani? Swali hili laonekana jepesi, walakini sisi tukaao Kingolwira, chini ya milima ya Uluguru, yatupasa kulifikiri sana.

Mpasua mbao atajibu upesi, “Ni wangu mimi niliyetoka jasho.” Na kweli kazi yake si mchezo: mmoja husimama juu ya gogo, mwenziwe huingia shimoni, wakavutana msumeno kutwa nzima, unga wa mbao ukimwingia yule wa chini machoni. Ubao huo ndio mlango wako na kitanda chako. Basi si haki kumlaumu nawe walala juu ya kazi yake.

Mluguru naye atasema, “Nchi ni ya ukoo.” Neno hili lina hekima, maana kwa desturi ya Waluguru ardhi hurithiwa kwa upande wa mama, na ukoo si walio hai tu, bali na waliotangulia na watakaozaliwa. Tena palikuwa na misitu ya matambiko ambayo shoka halikuingia.

Lakini yuko mtu wa tatu, asiyeonekana mlimani, naye ni mnywaji. Mawingu yatokayo Bahari ya Hindi hugonga milima hii, ambayo vilele vyake virefu vyapita mita 2,600. Msitu huyanasa, majani hudondosha, na udongo wenye mboji huyashika maji na kuyaachia polepole hata wakati wa kiangazi. Humo hutoka Mto Ngerengere, unaonywesha mji wa Morogoro, na Mto Ruvu, unaonywesha Dar es Salaam. Msitu ukifyekwa, mvua huteremka mbio pamoja na udongo. Leo gharika, kesho kiu.

Basi mnywaji asema, “Msikate!” Je, ana haki? Anayo, ila si bure. Katika miaka ya 1950 serikali ya Waingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuhifadhi udongo. Lakini kazi ilikuwa nzito, na matuta yalifukua udongo usio na rutuba. Mwaka 1955 ghasia zikatokea, na mpango ukaanguka. Mwaka 2008 msitu ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia. Mpaka ni jambo jema, lakini haujazi chungu cha mwenye njaa. Njia ya haki zaidi ilionekana katika miaka hiyo hiyo, mashirika ya CARE na WWF yalipojaribu kuwalipa wakulima wa mlimani waliotunza mashamba yao kwa ajili ya maji, na shirika la maji la Dar es Salaam likachangia.

Kwa hiyo nasema, mti wa mlimani ni amana. Amana haiwi mali ya yule aliye nayo mkononi, wala mwenye amana hamwachi mtunzaji afe njaa. Mpasua mbao na apasue miti iliyopandwa, kama mitiki ya Mtibwa, auache mkangazi wa mlimani. Mkulima atunze mteremko wake. Na mnywaji akumbuke kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tumezoea kumwonya mwenye shoka. Haya, tumwonye na afunguaye bomba.