Mbwa Naye Ana Karatasi

Aliyehamishwa kutoka kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, hadi Marekani hahitaji kuambiwa uzito wa karatasi. Alihojiwa, akahojiwa tena na watu wengine, akapigwa picha ya kifua, akachanjwa, akafundishwa namna ya kukaa ndani ya ndege, kisha akakabidhiwa mfuko wa plastiki wa shirika la uhamiaji la IOM wenye hati zake zote na kuonywa asiuachie mpaka afike. Hata nauli ilikuwa mkopo, na miezi michache baada ya kufika alianza kuulipa.

Kisa hiki ni cha mume na mke waliopita njia hiyo yote bila kukosea hatua, halafu wakaangushwa na kiumbe ambaye hajatimiza hata kilo kumi. Ni kisa cha kutunga, lakini wengi waliotawanyika katika miji ya Marekani watajiona humo.

Walikuwa wakiishi kusini mwa Louisville, jimbo la Kentucky. Mume alifanya zamu ya usiku katika kituo cha vifurushi cha UPS, pale kwenye uwanja wa ndege wa jiji, ambako ndege za mizigo hutua watu wengine wakiwa wamelala. Mke alisafisha vyumba vya hoteli mchana. Mmoja akitoka, mwingine anaingia. Siku nyingi maongezi yao yaliishia mlangoni, huyu anavua viatu, yule anavaa. Mtoto walikuwa bado hawajajaliwa.

Mwanzoni mwa Oktoba mfanyakazi mwenzake akampa mume mtoto wa mbwa wa miezi miwili. Bure. Wakamwita Bomaye, kwa ile kelele ambayo umati wa Kinshasa ulimpigia Muhammad Ali, mzaliwa wa Louisville, alipopambana na George Foreman mwaka 1974.

Nyumba ikabadilika. Mume akirudi alfajiri anakuta zulia limelowa, anapangusa, anamshusha Bomaye kwenye majani nyuma ya jengo, anasubiri huku meno yanagongana kwa baridi. Mke akirudi jioni anakuta kandambili imetafunwa na fremu ya mlango ina alama za meno, anagomba, kisha anampikia wali na kuku bila chumvi wala kitunguu, maana alisikia kwamba kitunguu ni sumu kwa mbwa. Usiku mtoto wa mbwa analia, na mke anamtumia mumewe picha kazini: tazama mwanao. Waliokuwa wakiongea mlangoni tu wakawa na la kuongea mchana kutwa. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu kosa lao halikuwa kumpenda mbwa.

Kosa lilikuwa kwamba walipompokea walikwisha kujua kuwa wanahama. Mkataba wao wa nyumba ulikuwa unaisha mwishoni mwa Novemba, na mdogo wake mume, aliyeko Buffalo, jimbo la New York, alikuwa amewapatia nyumba ya juu kwenye jengo la mbao huko West Side, mtaa wenye Wakongo, Warundi, Wasomali na Waburma wengi. Kila kitu kilipangwa: lori la kukodi, masanduku, kazi mpya. Bomaye hakupangiwa chochote.

La kwanza lililoahirishwa ni chanjo. Jumamosi moja walimpeleka kwenye kliniki ya bei nafuu akachomwa sindano moja, wakaambiwa warudi baada ya wiki tatu. Wiki ya tatu ikaangukia Novemba, msimu ambao vifurushi vya Krismasi huanza kufurika na kazi ya ziada haikataliwi. "Tutamalizia Buffalo," mume akasema.

Wengi hudhani sindano moja ni nusu ya kinga. Sivyo. Mtoto wa mbwa huzaliwa na kunyonya kinga ya mama yake, na kinga hiyo, ikiwa bado ina nguvu mwilini, huizima chanjo isifanye kazi. Hakuna ajuaye siku ambayo kinga ya mama itaisha kwa mbwa huyu au yule. Ndiyo maana madaktari wa wanyama huanza mbwa akiwa na wiki sita hadi nane, na kurudia kila baada ya wiki tatu au nne mpaka atimize angalau wiki kumi na sita. Anayekatisha katikati anaweza kuwa hajamkinga mbwa hata kidogo.

La pili ni mkataba wa Louisville. Ulikuwa unadai mpangaji mwenye mnyama aandikishe na alipie. Wao hawakuandikisha, kwa hoja kwamba wamebakiza wiki chache tu.

La tatu ndilo lililokuwa kubwa. Usiku mmoja mke aliuliza:

"Mume wangu, huyo mwenye nyumba wa Buffalo anajua kwamba tuna mbwa?"

"Tukifika tutaongea naye. Watu wakionana uso kwa uso huelewana."

"Na akikataa?"

"Atakataaje mtoto mdogo kama huyu?"

Kanisani mzee mmoja aliwasikia wakimsimulia mtu juu ya safari. Akawauliza kwa upole, "Wanangu, ninyi wenyewe mlichomwa sindano ngapi kabla ya kupanda ndege? Na huyu mwenzenu amechomwa ngapi?" Walicheka, wakamshika mkono, wakaondoka.

Barabara kuu ya I-71 inaanzia Louisville, inapita Cincinnati na Columbus, inaishia Cleveland. Walipanga kulala Columbus, mji mkuu wa Ohio, kilomita 340 hivi kutoka walikoanza, kwa dada yake mke. Dada anaishi jirani na familia za Kisomali, jamii kubwa sana katika mji huo, na kwa heshima ya majirani wanaohesabu mate ya mbwa kuwa najisi, aliomba Bomaye asiachwe kwenye korido wanakopita watu kwenda kuswali. Walipofika, Bomaye akafungiwa uani, akacheza na watoto kidogo, akajisaidia mara kadhaa, akalala mapema mno.

Asubuhi hakugusa chakula. Akatapika maji ya njano.

"Uchovu wa gari," mume alisema.

"Shemeji, huo si uchovu," dada alijibu. "Mpelekeni kwa daktari hapa hapa. Mtaondoka mchana."

Lakini lori lilikodiwa kwa siku, na utabiri ulitaja theluji ya ziwani kuanzia usiku. Wa Buffalo hawaichezei theluji hiyo: upepo wa baridi unapita juu ya maji ya Ziwa Erie ambayo bado yana joto, unabeba mvuke, unaushusha nchi kavu kama theluji nene kwa saa chache. Tufani ya Desemba 2022 iliua watu zaidi ya 40 katika eneo la Buffalo, wengine ndani ya magari yao. Hofu ya mume ilikuwa na msingi. Ndivyo mambo yaliyoahirishwa yanavyofanya kazi: hukufikisha mahali ambapo kila njia iliyobaki ina hatari yake. Wakaondoka.

Walipokuwa wameuacha mji wa Erie, Pennsylvania, ziwa likiwa mkono wa kushoto, boksi la Bomaye lilijaa harisho la damu lenye harufu ambayo mke anasema hataisahau.

Walifika Buffalo usiku. Mwenye nyumba, anayeishi ghorofa ya chini, alitoka na tochi, akawasaidia kufungua geti, akaona boksi. Hakufoka. Alisema kwamba mkataba wa nyumba na bima yake havikubali mbwa, na kwamba alimwambia hivyo mdogo wake mume tangu mwanzo. Mdogo mtu akakiri: aliambiwa, ila hakujua kama kuna mbwa, kwa sababu hakuna aliyemweleza.

"Ninyi karibuni," mwenye nyumba alisema. "Mbwa hapana."

Usiku huo hawakushusha mizigo. Walimkimbiza Bomaye kwenye hospitali ya dharura ya wanyama, na kipimo cha dakika chache kikasema parvo. Ni virusi vinavyoshambulia utumbo wa mbwa wachanga. Dalili hutokea siku tatu hadi saba hivi baada ya kuambukizwa. Maana yake aliambukizwa Louisville, pengine kwenye majani yale yale ya nyuma ya jengo, siku ambazo sindano ya pili ilipaswa kuwa mwilini mwake. Tiba yake ni kutengwa, dripu na dawa za kuzuia kutapika kwa siku kadhaa. Wanaowahishwa hospitalini wengi hupona. Wanaocheleweshwa au kukosa matibabu wengi hufa. Gharama ni dola elfu kadhaa, na sehemu yake hulipwa kabla.

Walikuwa wakitegemea amana ya nyumba ya Louisville. Haikurudi: ilikatwa zulia, fremu ya mlango na ada ya mnyama ambaye hakuandikishwa. Wakalipa walichokuwa nacho, wakalala katika moteli. Usiku wa pili Bomaye akafa. Asubuhi yake waliingia katika ile nyumba ya West Side, maana sasa hakukuwa tena na sababu ya kukatazwa.

Na bado hayakuishia hapo. Dada wa Columbus alipigiwa simu na kuelezwa kwamba virusi vya parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka, na kwamba sabuni ya kawaida haiviui. Sakafu huoshwa kwa jiki iliyochanganywa na maji, lakini majani na udongo havioshwi. Uani kwake hapafai tena mtoto wa mbwa asiyemaliza chanjo. Alimpokea mgeni usiku mmoja, akaachiwa mzigo wa mwaka.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ulikuwa Louisville, na uliweza kuzibwa kwa sindano ya bei ndogo na simu moja. Ukuta ulijengwa Buffalo.

Sasa funzo. Kule tulikokulia mbwa hulala nje, hula makombo, hubweka mwizi akipita, na hakuna amwulizaye cheti. Tulizoea kwamba mnyama hana karatasi. Marekani anazo, na hazitofautiani sana na zetu. Unajua kwamba bima ya afya ya Medicaid ya Kentucky haivuki nawe kwenda New York, lazima uombe upya. Unajua kwamba asiye raia akihama ana siku 10 za kuiarifu idara ya uhamiaji anwani mpya. Mbwa naye yuko hivyo hivyo. New York inataka awe amechanjwa kichaa cha mbwa anapotimiza miezi minne, na awe na leseni ya mji anaoishi. Ohio inataka leseni tangu miezi mitatu. Anayevuka jimbo mara nyingi hutakiwa kuwa na cheti cha afya kutoka kwa daktari wa wanyama. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu huko nyumbani, Tanzania na Kongo. Huku kimedhibitiwa kwa mbwa kwa sababu ya karatasi hizo hizo tunazoziona usumbufu.

Kwa hiyo, anayepanga kuhama na mbwa aanze na nyumba, si na lori. Apate ruhusa ya mwenye nyumba mpya kwa maandishi, ikitaja mbwa mmoja, aina yake na uzito wake, kwa kuwa nyumba nyingi hukubali mbwa lakini hukataa aina fulani. Kwa wanaokwenda New York, wajue pia haki yao: tangu mwaka 2019 sheria ya jimbo hairuhusu amana kuzidi kodi ya mwezi mmoja, na amana ya mnyama inahesabiwa humo humo.

Kisha chanjo zikamilike kabla ya safari. Kama haiwezekani, mbwa asikanyage majani ya vituo vya barabarani wanakojisaidia mbwa wa kila jimbo. Abebwe, au atandikiwe karatasi. Awekwe chipu yenye namba ya simu itakayokuwa hai baada ya kuhama. Akikataa chakula na kutapika, safari isimame hapo hapo. Daktari wa asubuhi ni nafuu kuliko wa usiku.

Wanaokwenda Buffalo waongeze jambo moja. Kanada iko ng'ambo ya daraja, na wengi wetu tuna ndugu Hamilton na Toronto. Tangu Agosti 1, 2024, Marekani hairuhusu mbwa yeyote aliye chini ya miezi sita kuingia, hata kama alizaliwa Marekani na anarudi kwao. Ukivuka naye kwenda kula sikukuu, utarudi peke yako au hutarudi.

Na anayeona hayawezi haya, asione haya kumtafutia mbwa nyumba nyingine mapema, akiwa mzima na kuna muda wa kuchagua watu wema. Kumwachia mtu siku ya kupakia mizigo ndiko kunakojaza vituo vya wanyama.

Ndugu msomaji, ukijua kwamba utahama ndani ya mwaka huu, usimpokee mtoto wa mbwa, hata wa bure, mpaka uwe umejibu maswali matatu: nani atamalizia chanjo zake na lini, mwenye nyumba wa huko anasemaje kwa maandishi, na fedha ya dharura iko wapi. Ukikosa jibu moja, mwambie anayekupa, "Ahsante, si sasa." Hilo nalo ni kumpenda mbwa.